Mashine tumenunua, ujuzi umepanda ndege: yaliyonikuta kwenye banda la vinia Mafinga

Kishoka wa Kinyanambo (mleta uzi)

Wakuu, kamwene.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu sehemu ya aibu ni yangu mwenyewe. Leo nimekaa, mvua inanyesha, umeme umekatika, acha niandike.

Nina banda la kumenya vinia hapa Mafinga. Kwa wasiojua: tunachukua gogo la mlingoti (mkaratusi) au paina, tunalitoa gome, tunaliingiza kwenye mashine yenye rola na kisu kirefu. Gogo linazunguka, kisu kinalimenya kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Ule utepe unakatwa vipande, unaanikwa juani, kisha unauzwa kwa wenye mashine za kugandamiza wanaotengeneza plaiwudi na zile marini bodi za mafundi zege. Miaka ya nyuma kazi hii ilikuwa ya Wachina. Sasa Wabena, Wahehe na Wakinga tumo.

Mashine niliagiza mpya kupitia wakala. Ikaja na fundi wa kigeni kwa siku 12. Jamaa mchapakazi kweli, sina ubaya naye. Alifunga, akarekebisha, akatuonyesha: kitufe hiki mbele, hiki nyuma, hapa unaandika unene unaotaka. Tukaongea kwa programu ya kutafsiri ya simu na kwa vidole. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kichina kitupu. Kurasa za ndani za mipangilio kwenye skrini zimefungwa kwa nywila, na nywila akaondoka nayo. Siku ya 13 tukabaki sisi na mashine.

Miezi kama minane ikaenda vizuri. Siku moja kipande cha gogo kikaruka kikavunja swichi ya kikomo, ile ndogo inayoiambia mashine kisu kimefika mwisho wa njia. Swichi ni ya bei ya kawaida tu, mjini ipo. Fundi wetu wa kuchomelea akaweka nyingine "pale pale", kwa macho. Kazi ikaendelea.

Wiki iliyofuata mnunuzi akarudisha mzigo. Tunaomba mm 2. Tukipima mwanzoni mwa gogo tunapata 1.9, tukikaribia moyo tunapata 1.65. Vinia ya hivyo ukiipanga tabaka kwa tabaka, kwenye kugandamiza gundi haishiki sawasawa, bodi inatoka na uvimbe. Hakuna anayeitaka.

Tukabadilisha kisu. Tukanoa upya. Tukakaza rola. Tukamlaumu aliyetuuzia magogo. Nikampigia muuzaji wa mashine: tuma tiketi ya ndege, hoteli na posho kwa dola, fundi atakuja. Nikapiga hesabu nikakaa chini. Wiki saba banda limelala, vijana nimewarudisha nyumbani.

Aliyetuokoa ni binti wa mafunzo kwa vitendo kutoka MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya. Alikuja kwa jirani yangu wa misumeno, akapita kuchungulia. Akaomba kalipa (kifaa cha kupimia unene), rula na karatasi. Akasogeza kisu, akasoma skrini, akapima nafasi halisi kwa mkono. Skrini inasema sentimita 6, rula inasema 5. Akapima tena kwenye 15: skrini inasema 16. Akacheka. Akaniambia, "Baba, mashine inadhani gogo ni nene kuliko lilivyo."

Akanieleza hivi. Gogo la kipenyo cha sm 24 likizunguka mara moja linatoa utepe wa sm 75 hivi. Likibaki sm 12, mzunguko mmoja unatoa sm 38 tu. Rola zinasukuma utepe kwa mwendo uleule muda wote, kwa hiyo kadiri gogo linavyokonda ndivyo kisu lazima kiongeze kasi ya kusogea, la sivyo vinia inakuwa nyembamba. Mashine inakokotoa kasi hiyo kwa kipenyo inachodhani gogo linacho. Ikikosea sentimita moja kwenye gogo la 24, huioni sana. Ikikosea sentimita moja kwenye gogo lililobaki 5, imekula kwako.

Mashine inahesabu kipenyo kuanzia pale swichi ilipo, na ile mpya haikukaa mahali pake. Nywila haikuhitajika. Tulihamisha ile swichi kwa sentimita moja, tukapima, tukarudia mara tatu. Jioni tulikuwa na mm 2 mwanzo hadi mwisho.

Sasa swali langu, na si la kumlaumu Mchina. Siku 12 nilikuwa na mtu anayejua yote haya, nikampikia ugali na kuku. Mbona ujuzi haukuhamia kwangu? Na viwanda vyetu huku Nyanda za Juu Kusini, vikubwa kwa vidogo, vinapoletewa mitambo, ni nini hasa kinachohama?

Karibuni.

Ulanzi Baridi

Ulimpikia ugali na kuku, ungempa ulanzi (pombe ya mianzi) wa mchana angetaja nywila mwenyewe.

Mjukuu wa Reli

Mkuu umegusa penyewe. Nimekulia Makambako, babu alikuwa TAZARA. Reli ile ina kilomita 1,860 na ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilikuwa na mahandaki na madaraja mengi kuliko kwingine kote. Babu alianza kama kibarua wa kubeba mawe. Alikuwa anasema kila fundi wa Kichina alikuwa na vijana wake anaotembea nao. Hakuwa na Kiswahili cha maana, hata mkalimani hakuwepo kila siku. Ila ukikosea kufunga nati anaifungua mbele yako, anakupa spana, anasubiri. Ukikosea tena anaifungua tena.

Zaidi ya hapo, mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea mambo ya reli: injini, ishara, mawasiliano, usimamizi. Yaani kabla treni ya kwanza haijaanza kazi rasmi, tayari kuna watu wetu wanasomeshwa kuiendesha. Tofauti na siku 12 zako ni kwamba pale kufundisha kulikuwa ndani ya mkataba toka mwanzo, na aliyekuwa analipia alikuwa na sababu za kisiasa za kutaka tujue.

Wewe ulinunua chuma. Kufundishwa hukununua.

Kishoka wa Kinyanambo

Hilo la mwisho limeniuma, lakini ni kweli.

Kinu cha Uyole

Salaam wakuu. Mimi natengeneza vinu vya kusaga na kukoboa, nipo Mbeya, mwaka wa 21 sasa. Nataka niwape mfano ambao hakuna anayeuhesabu kwa sababu ni wa kawaida mno: kinu cha nyundo.

Hiki kinu cha kusagia mahindi unachokiona kila kijiji kilikuja kama mashine ya kigeni. Leo nenda karakana yoyote ya Mwanjelwa, Uyole, Makambako au Ipogolo, utakuta kijana wa darasa la saba anakikata, anakichomelea, anakisawazisha. Nyundo anakata kwenye springi za lori lililokufa, kwa sababu chuma chake kinavumilia. Chekeche anatoboa au ananunua. Beringi anaenda dukani. Hakuna aliyetusainia makubaliano ya kuhamisha teknolojia. Kilichotokea ni kwamba kilikuwa kinaharibika mara kwa mara, na kila kikiharibika kinafunguliwa mbele za watu. Ukikifungua, siri yote iko hapo: mhimili, nyundo, chekeche, mfuniko. Kinu cha nyundo hakina nywila.

Sasa linganisha na injini iliyokuwa inakizungusha. Wazee wanaikumbuka Lista, nguvu farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika, pu-pu-pu unaisikia kilima cha pili. Muingereza alianza kuiunda karibu na 1930. Baadaye Wahindi wa Rajkot kule Gujarat wakaiiga yote, wakawa wanaiuza Afrika nzima kwa bei ndogo. Sisi tukanunua nakala kutoka India, na spea tukanunua India. Mbona kinu tuliweza, injini hatukuweza? Si akili. Injini inataka kalibu nzuri ya chuma cha kumimina, inataka kukereza silinda kwa vipimo vya nywele, inataka anayepima ugumu wa chuma. Rajkot kulikuwa na mamia ya karakana zinazopeana kazi: huyu anamimina tu, yule anakereza tu, mwingine anatengeneza ringi tu. Mimi hapa Uyole nikitaka shafti ikerezwe vizuri nazunguka mji mzima, na mwenye mashine ya kukereza ana foleni ya siku tatu.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi nusu. Ujuzi hauhamii kwa mtu mmoja mmoja tu, unahamia mahali penye majirani wa kupokea. Wewe uliokolewa na binti aliyekuja kwa jirani. Ungekuwa na banda lako Mgololo ndani peke yako, ungekuwa umelala hadi leo.

Hesabu Kwanza

Naomba niwe mchawi wa uzi. Mnazungumza ujuzi, ujuzi, kana kwamba fundi akijua basi kiwanda kinasimama.

Mmeitaja Mgololo. Kile kiwanda cha karatasi, enzi hizo Southern Paper Mills, kilianza kuzalisha katikati ya miaka ya 1980 kikiwa kimesanifiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya, mitambo ya kisasa, wataalamu wa kigeni wa kufundisha, msitu wa Sao Hill pembeni. Kwenye kufundisha hawakubania. Bado kilisimama miaka ya 1990, kikaja kuuzwa kwa wawekezaji wa Kenya, ndicho leo Mufindi Paper Mills. Unaweza kuwa na mafundi hodari na ukafa kwa deni la fedha za kigeni, kwa soko dogo, kwa shilingi iliyoshuka thamani, kwa karatasi ya nje inayoingia bei chini yako.

Na wewe Kishoka, wiki saba ulizolala, ungekuwa na akiba ungelipia tiketi ya yule fundi ukaendelea na maisha. Tatizo lako la kwanza lilikuwa mtaji.

Kishoka wa Kinyanambo

Mkuu Hesabu, nakubali kiwanda hakifi kwa sababu moja. Lakini hiyo tiketi ningelipa mara ngapi? Swichi itavunjika tena. Ningeilipa na mwaka huu pia. Mtaji wangu ndio unaoliwa na kutojua.

Wakili wa Forest Mpya

Niongeze upande wa sheria kidogo, maana kuna hofu nyingi zisizo na msingi mtaani. Watu wanadhani kuiga mashine ya nje ni wizi moja kwa moja.

Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake (patent), inalindwa nchi kwa nchi. Uvumbuzi uliosajiliwa China au Ujerumani peke yake haulindwi Tanzania Bara mpaka usajiliwe huku, kwa BRELA, wakala wetu wa usajili, au kwa njia ya ARIPO ya Harare, shirika la hakimiliki bunifu la kanda ya Afrika. Na hata ukisajiliwa, ulinzi hauzidi miaka 20. Mashine nyingi mnazozitamani, misumeno, vikamulio vya parachichi, vikaushio, ni fikra za zamani ambazo hazina mwenyewe tena. Zaidi ya hapo, mtu anaposajili hataza analazimika kueleza uvumbuzi wake kwa maandishi na michoro. Michoro hiyo ipo wazi, WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki bunifu, lina hifadhi yake mtandaoni inaitwa PATENTSCOPE, unasoma bure. Angalizo: kuiga umbo la mashine isiyolindwa ni jambo moja, kubandika jina la kampuni ya mwenzako ni jambo jingine. Nembo ina sheria yake.

Pia kuna kifungu cha 66.2 cha TRIPS, mkataba wa biashara wa kimataifa kuhusu hakimiliki bunifu. Kinazitaka nchi tajiri zizipe kampuni zao vivutio ili zipeleke teknolojia kwenye nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, na sisi tumo kwenye kundi hilo. Mkataba una nguvu tangu 1995. Someni vizuri lakini: wajibu ni wa serikali zao kutoa vivutio kwa kampuni zao. Hakuna mstari unaokupa wewe wa Mafinga haki ya kumdai muuzaji nywila. Hiyo unaidai kwenye mkataba wako wa manunuzi, na mleta uzi nina wasiwasi mkataba wenyewe ulikuwa ankara ya kurasa mbili.

Kishoka wa Kinyanambo

Ukurasa mmoja, wakili. Na picha ya mashine kwenye WhatsApp.

Ulanzi Baridi

😂😂 Na bado akapika kuku.

Binti wa Tukuyu

Jamani ndaga kwa uzi. Mimi nazungumzia chai, na nitasema jambo ambalo halitapendeza.

Kila mtu anamtazama mgeni. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya 2015 inamtaka mwajiri anayeleta mtaalamu wa nje awe na mpango wa urithishaji, yaani aoneshe Mtanzania gani atapokea kazi ile. Nimewahi kukaa ofisi moja iliyokuwa inajaza fomu hizo. Jina la mrithi linaandikwa, mrithi mwenyewe hajui kama ameandikwa. Sawa, hilo ni lao.

Lakini sisi kwa sisi je? Kwenye kiwanda cha chai kuna rola mbili za chuma zenye meno, zinazunguka kwa kasi tofauti, moja mara kumi ya mwenzake. Hizo ndizo zinakatakata jani baada ya kunyaushwa. Meno yakichakaa, jani linapondwa badala ya kukatwa, chai inatoka na rangi iliyofifia na bei mnadani inashuka. Kuyachonga upya ni kazi ya mtu maalumu. Mjomba wangu alifanya kazi hiyo miaka 19. Alikuwa anasikiliza mlio wa rola akajua leo imebaki siku ngapi. Alistaafu. Hakuandika hata mstari mmoja na hakuna aliyemwambia aandike. Nilipomuuliza kwa nini hakumfundisha kijana, akanijibu, "Ningemfundisha, mimi wangeniwekea nini?"

Na kwenye karakana za mtaani ni hivyohivyo. Fundi akifika pale penye utamu anamtuma mwanafunzi wake akanunue soda. Akirudi kazi imeshafungwa. Mmesahau? Wengi humu mlitumwa soda.

Kinu cha Uyole

Binti, umenikumbusha. Nilitumwa soda miaka minne. Kusawazisha mhimili nilijifunza kwa kuchungulia tundu la bati. Na nikisema ukweli, mimi mwenyewe mwaka jana nimemtuma kijana wangu soda.

Mjukuu wa Reli

Sasa hapo ndipo tofauti inapoonekana. Mchina wa babu alikuwa na mshahara wake Beijing, kijana akijua yeye hapungukiwi kitu. Mjomba wa Tukuyu alikuwa analinda ugali wake. Ukitaka afundishe, lazima kufundisha kumlipe.

Spana ya Njombe

Habari wakuu. Mimi ni fundi wa mitambo midogo, maji, mbao, hata vikaushio vya chai. Falsafa sina, nawapa ninachokifanya na wateja wangu wakiagiza mashine nje.

La kwanza, hela ya mwisho usilipe. Andika kwenye mkataba kwamba asilimia 10 inabaki hadi fundi wako, kwa mikono yake, afungue mashine na kuifunga tena mgeni akiwa amekaa kwenye kiti. Nilimfanyia hivyo mteja wa kikamulio cha mafuta ya parachichi. Muuzaji alinung'unika, akakubali. Ile siku moja tulijifunza kuliko wiki nzima ya vitufe.

Halafu nywila, michoro ya nyaya na orodha ya spea viandikwe kama sehemu ya mzigo, sawa na mota. Visipofika, mzigo haujafika.

Kuhusu spea, watu wanapigwa bure. Beringi nyingi ni za namba za kimataifa. Ukiona imeandikwa 6308, tarakimu mbili za mwisho zidisha kwa 5: tundu lake ni mm 40. Hiyo unaipata Makambako kwa dakika tano. Kuna jamaa alisubiri beringi toka nje wiki sita, kumbe dukani jirani ilikuwepo kwenye boksi la kijani. Mikanda nayo ina namba. Pima, andika, toa picha kabla mashine haijachakaa na maandishi hayajafutika. Daftari la mashine la shilingi elfu mbili linaokoa mamilioni, na hata mjomba wa Tukuyu akistaafu, daftari linabaki.

Kuna kitu kimoja nakipinga kwenye simulizi ya mleta uzi. Ulisema ujuzi haukuhama. Ulihama, ila ulifikia wa kuendesha tu. Miezi minane mlimenya vizuri. Kuendesha ni ngazi moja, kutengeneza ni nyingine, kubuni ni ya juu zaidi. Wakorea wa Hyundai walitoa gari lao la Pony mwaka 1975 injini ikiwa ya Mitsubishi, na aliyesimamia kazi alikuwa Muingereza waliyemwajiri. Hawakuona aibu kununua ngazi za juu huku wakipanda za chini.

Mgeni wa Usangu

Samahani naingilia. Mashine zetu za kukoboa mpunga huku Mbarali rola za mpira zinaisha haraka sana, mchele unakatika. Hii nayo ni swichi?

Spana ya Njombe

Hapana mkuu. Angalia unyevu wa mpunga kwanza, ukiwa mkavu kupita kiasi unakatika hata rola ikiwa mpya. Kisha angalia nafasi kati ya rola mbili, wengi wanabana mno wakidhani ndiyo kukoboa vizuri. Na ile rola inayokwenda kasi inaisha kabla ya mwenzake, zibadilishane nafasi mapema. Njoo inboksi.

Hesabu Kwanza

Nakubali kushindwa kidogo. Kidogo tu. Kishoka, yule binti yuko wapi sasa? Umemwajiri?

Kishoka wa Kinyanambo

Nilijua swali hili litakuja.

Alipomaliza chuo nilimwita. Akafanya kazi kwangu miezi mitano. Aliandika daftari zima, kwa Kiswahili, na michoro ya kalamu: sifuri ya kisu inapimwaje, pembe ya kunoa, nini cha kuangalia vinia ikitoka na mawimbi. Mwezi uliopita mwenye banda kubwa kule barabara ya Sao Hill akamwongezea mshahara karibu mara mbili, akaondoka. Nilikasirika siku tatu nzima. Nikamwambia mke wangu nimesomesha mtoto wa watu bure.

Juzi nikapita kwenye lile banda. Nimekuta vijana wanne wamesimama naye kwenye mashine, kila mmoja ana kalipa yake. Wawili nawafahamu, ni wa kijiji changu. Mmoja ameshaniuliza kama nina nafasi.

Daftari lipo kwangu. Nimelipiga picha zote, kurasa 63. Atakayetaka aseme, nitaziweka hapa hapa kwenye uzi umeme ukirudi.

Kinu cha Uyole

Weka mkuu. Na kijana wangu nitamwambia azisome yeye kwanza.

Spana ya Njombe

Nakuja Jumamosi na saa yangu ya kupimia mhimili, nione hizo rola zako. Sitaki hela, nataka kuiona mashine ikiwa wazi.

Kishoka wa Kinyanambo

Karibu sana. Shuka Kinyanambo, uliza banda lenye milingoti iliyoanikwa mpaka barabarani. Njoo na koti.